Miaka Yangu Nyuma ya Msafara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mtihani nilioudhania kuwa ni dharau. Nilikuwa nimevaa viatu vilivyong'arishwa na shati la kanisani. Nilipanda teksi, yale mabasi madogo ya hapa Durban, kutoka mjini, kisha nikatembea kipande kirefu chini ya miti ya Westville, kitongoji cha wenye nazo, kwa sababu kule kila mtu ana gari lake na teksi hazijisumbui kufika mlangoni. Nyuma ya nyumba moja kubwa kulikuwa na karakana ya baiskeli. Fundi Mkuu, mzee wa Lubumbashi tuliyemwita Papa Kasongo, hakuniuliza hata jina. Alinipa baiskeli, akanionyesha ua wa sementi, akasema nivuke kutoka ukutani hadi getini.

Nilikanyaga pedali kwa nguvu, nikafika getini kufumba na kufumbua, nikageuka nikisubiri sifa.

"Nani alikufukuza?" aliuliza. "Rudia. Enda polepole."

Nikarudia, polepole.

"Ile iko mbio bado. Nataka polepole ya kweli. Na mguu usiguse chini."

Ndugu zangu, jaribuni siku moja. Baiskeli ikienda kasi hujisimamia yenyewe. Ikienda mwendo wa bibi harusi anayeingia kanisani, kila kosa la bega na kiuno linaonekana. Mara ya tatu niliangukia ndoo ya mafuta machafu, na shati la kanisani likaishia palepale. Papa Kasongo alicheka hadi akakaa chini. Mimi nami, nilipojitazama nilivyo, nikacheka. Akaniambia nije kesho. Baadaye nilisikia kwamba waliojaribu kabla yangu walikasirika wakaondoka, na mtu wa hasira hakutakiwa katika kazi ile.

Nitawaeleza ilikuwa kazi gani, maana najua baadhi yenu vijana mnaonisoma mmeajiriwa kuwaongoza watalii kwa baiskeli, na nasikia siku hizi mnafundishwa kwa video, na kwenye usukani kuna kidude kinachosema geuka kulia, geuka kushoto. Sina ugomvi na kidude. Ila kidude hakijui kwamba mama yule wa nyuma anataka kwenda haja tangu saa nzima na anaona aibu kusema.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Mkurugenzi, mzaliwa wa Durban, aliwachukua watu wa hapa, wengi wao wastaafu, akawapeleka Ufaransa kuendesha baiskeli kando ya mto Loire, bonde lenye makasri ya wafalme, abasia za kale za watawa na mashamba ya mizabibu. Huku kwetu ikiwa majira ya baridi, kule ni kiangazi. Walikwenda kijiji hadi kijiji, wakila vizuri, wakilala vizuri, na hakuna aliyeshindana na mtu. Katika kila mkutano Mkurugenzi alisema maneno yale yale: "Sisi hatuuzi mbio. Anayetaka mbio akakimbizwe na mbwa. Sisi tunauza alasiri."

Mimi walinichukua kwa sababu mbili. Nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa kwetu Bukavu, na baiskeli nilizijua tangu utoto, maana baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Wakati ule nilikuwa nalinda magari mjini, naishi Albert Park na mke wangu na watoto katika ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa mbovu kuliko mioyo ya wenye nyumba. Kazi ya kulinda magari ni kazi ya kuomba kwa macho. Nawaambia hili mapema ili mjue nilikotoka, na jinsi nilivyoogopa kurudi huko.

Nilianzia karakana. Papa Kasongo alinifundisha kunyoosha gurudumu: unaligeuza, unatazama rimu inavyoyumba kati ya mipira ya breki, kisha unakaza spoki moja na kulegeza mwenzake, robo mzunguko, si zaidi. Ukikaza kwa pupa, gurudumu linakuwa yai. Alinifundisha kusikiliza beringi, zile gololi ndogo zinazolainisha mzunguko wa ekseli, na kujua kwa sikio kama zina mchanga. Lakini somo lake kubwa lilikuwa kiti. Mteja alipimwa mguu, akakalishwa, akashushwa, akapandishwa tena, hata kama anasema yuko sawa.

"Muntu akiwa na maumivu ya makalio," Papa Kasongo alisema, "hata umuonyeshe château ya mfalme, ataona makalio yake tu."

Sijasikia elimu ya utalii iliyoizidi hiyo. Jumamosi tuliwapeleka wateja kufanya mazoezi kwenye njia ya kando ya bahari, katikati ya watembea kwa miguu na watoto wa viatu vya magurudumu, wajifunze kugonga kengele kwa adabu na kusimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, bila kuangukiana. Waliokuwa na haraka tuliwachelewesha kwa makusudi.

Karatasi zangu za kusafiri zilipokamilika, nilihamishiwa kwenye gari. Hicho ndicho kilikuwa kituo changu cha pili, na ndivyo nilivyoiona Ufaransa kwa mara ya kwanza, kupitia kioo cha mbele cha gari lililojaa masanduku ya wastaafu. Wafaransa wana jina la gari linalowafuata waendesha baiskeli: wanaliita gari la ufagio, kwa sababu linazoa waliochoka. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha mizigo kutoka nyumba ya wageni hadi nyingine, kununua mikate na jibini, na kutandaza chakula cha mchana mahali penye kivuli kabla wateja hawajafika. Wale watu hufunga maduka yao mchana kabisa, wakaenda kula, na hata ukigonga mlango huku unalia hawafungui. Mara moja tu nilichelewa kununua mkate. Sikurudia.

Nilipenda nchi ile, nasema bila aibu. Nyumba zao zimejengwa kwa jiwe jeupe laini lililochimbwa milimani, na mashimo yaliyobaki watu wakayageuza kuwa maghala ya mvinyo, wengine wakahamia humo kabisa wakaweka mapazia. Niliingia kasri la kwanza nikiwa nimejaa heshima, nikatembezwa vyumba kwa vyumba, dari za dhahabu, mahali pa moto panapotosha kuchoma ng'ombe mzima. Mteja mmoja akauliza choo cha mfalme kilikuwa wapi. Hakikuwepo. Mfalme mwenye vyumba vyote vile alitumia ndoo na kiti chenye tundu. Tangu siku hiyo sikumwogopa mfalme yeyote, na kila nilipowaeleza wateja habari za kasri nilianzia hapo, wakacheka, wakasikiliza na mengine.

Baada ya misimu michache Mkurugenzi aliniita. "Bahati, gari anaweza kuendesha yeyote," alisema. "Nataka ukae nyuma." Akanipa kizibao cha njano. Nikawa mfagiaji, na hicho ndicho cheo nilichokifanyia kazi hadi nilipostaafu.

Mfagiaji ni mtu wa mwisho wa msafara. Lazima muelewe vizuri jinsi tulivyofanya, kwa sababu hadithi yangu yote inasimama hapo. Katika safari ya taratibu watu hawaendi pamoja. Mmoja amesimama kupiga picha ng'ombe, mwingine ameingia kanisa la kale kupumzika. Mtangulizi, yule anayeongoza mbele, hawezi kuwaona wote. Kwa hiyo akifika njia panda anamwomba mteja aliye nyuma yake asimame pale kwenye kona. Huyo anabaki, na kila anayefika anaonyeshwa kwa mkono pa kuelekea. Anakaa hapo mpaka amwone mfagiaji mwenye kizibao cha njano. Mfagiaji akifika, kona imefungwa, na yule mteja anaendelea na safari. Kwenye njia panda inayofuata Mtangulizi amekwisha kumwacha mwingine. Kwa njia hiyo kundi zima linafika, na hakuna anayeharakishwa.

Sheria za mfagiaji zilikuwa chache. Usimpite mtu. Usiseme "twende." Na usipande gari mpaka kona zote za siku hiyo ziwe zimefungwa kwa macho yako mwenyewe. Nilikuwa hodari katika kazi hiyo. Niliweza kwenda nyuma ya bibi wa miaka themanini kwenye mlima, mwendo wa konokono, nikimwelezea habari za malkia aliyefungwa kwenye mnara ule pale, na asijue kwamba namsubiri.

Msimu mmoja tukapata Meneja wa Safari mpya. Aliitwa Clarisse, binti wa Kikongo aliyekulia Albert Park katika jengo letu hilohilo. Nilimjua tangu akiwa na sare ya shule. Alisoma, akafuzu, akarudi kuwa mkubwa wangu, na niseme wazi kwamba alistahili. Aligombana na wenye hoteli kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu, akashinda, kisha akawatumia salamu za Krismasi. Mbele ya watu aliniita Papa Bahati, nami nilimwita Meneja.

Katika kundi la msimu huo alikuwemo Profesa Wambui, Mkenya aliyefundisha chuoni Westville hadi kustaafu, akabaki kuishi hukohuko. Alikuwa mwanamke mwembamba, anayeendesha baiskeli mgongo ukiwa umenyooka kama yuko darasani. Kila asubuhi aliacha simu yake garini kwa hiari yake, akisema amekuja kuangalia nchi, si kioo. Tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha kwetu, na tulitaniana sana kuhusu nani anakiharibu zaidi.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka mtoni kwenda upande wa milimani, kupitia msitu wa kale ambamo wafalme walikuwa wanawinda. Njia ya msituni imefungwa kwa kizuizi cha mbao. Baiskeli zinapita, gari halipiti, linazungukia barabara kuu. Mchana mvua ikashuka na radi. Nilikuwa nyuma na Bwana Naidoo, mfamasia mstaafu wa Durban, pamoja na mkewe. Tulipofika kwenye kizuizi tulimkuta Clarisse na gari. Alikuwa amewazoa wote waliokuwa bado hawajaingia msituni, na baiskeli zao zimefungwa juu. Bwana Naidoo midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Tulimsaidia kuingia.

"Papa Bahati, weka baiskeli yako juu," Clarisse alisema. "Ingia."

"Na kona ya msituni?"

"Nimempigia Luc." Luc alikuwa Mtangulizi wetu, kijana Mfaransa. "Wa mbele wote wako naye, wanaenda kujikinga kwenye pango la yule mwenye mvinyo. Wa nyuma wote niko nao hapa. C'est bon, iko sawa."

"Luc amehesabu watu?"

"Amesema wako wote."

"Kule mbele njia inagawanyika, Meneja. Lazima aliacha mtu pale."

"Na mvua hii? Aache mtu namna gani? Papa, angalia Bwana Naidoo. Moyo wake si mzuri. Nataka kumfikisha kwa docteur."

Niliangalia. Alikuwa na haki kabisa. Mwanamume yule alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinatikisika, na mkewe alikuwa anamsugua mikono huku analia. Mimi sikuwa na ushahidi wowote kwamba kuna mtu msituni. Nilikuwa na sheria tu.

"Basi nendeni upesi," nilisema. "Mimi nitapita njia ya msitu."

Clarisse alishuka, mvua ikamlowesha palepale. "Papa, nakuheshimu, uko kama baba yangu. Lakini hapa chef, mkubwa, ni miye. Iko radi, iko miti, na wewe hauko kijana. Ukianguka mule, nitamwambia Mama wa nyumbani kwako nini? Eish, Papa! Ukiingia ile msitu, usirudi kazini kesho. Nimemaliza."

Niliogopa. Mwanangu mkubwa alikuwa chuoni, mdogo wake anamfuata, na kodi ya nyumba pale Albert Park haijui habari za sheria za mfagiaji. Mtu wa umri wangu, mwenye karatasi kama zangu, akifukuzwa anarudi kwenye magari ya watu, anasimama juani na kuonyesha kwa mkono pa kuegesha. Yote hayo niliyaona. Nikamwambia Clarisse aendeshe kwa uangalifu, nikainua baiskeli juu ya kizuizi, nikaingia msituni. Nyuma yangu nilisikia mlango wa gari ukibamizwa.

Njia ile ilikuwa imegeuka tope. Gurudumu la nyuma likawa linateleza, nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena. Nilifika njia panda ya kwanza, ndogo, yenye kibao cha mbao. Hapakuwa na mtu. Hilo halikuthibitisha kitu, maana penye kibao Mtangulizi haachi mtu. Nikaita, hakuna aliyeitika. Ninyi mnaonijua mnajua sina tabia ya kujidharau, lakini siku hiyo nilijitukana kwa lugha nne. Nilijiambia, Bahati, umeuza chakula cha watoto wako kwa msitu mtupu, na wenzako wako pangoni wanakula jibini. Mara mbili nilisimama nikageuza baiskeli. Mara mbili nikaigeuza tena.

Njia ilipanda mlima mrefu, kisha ikatoka nje ya miti. Chini, pale inapogawanyika, kulikuwa na birika la mawe la zamani, mahali ambapo wanawake wa kijiji walikuwa wanafulia nguo, na juu yake kuna paa zuri la vigae. Kando ya birika, nje ya paa, katikati kabisa ya mvua, alikuwa amesimama mtu ameshika baiskeli. Aliponiona nikitokea juu, aliinua mkono akaunyoosha kushoto, kunionyesha njia.

Alikuwa Profesa Wambui. Nguo zimemgandia mwilini, midomo imepauka. Nilipomfikia hakusalimia.

"Nyuma yako kuna mtu?" aliuliza.

"Hakuna, Profesa. Mimi ndiye wa mwisho."

"Bwana Naidoo? Na mkewe?"

"Wako garini. Wote wako garini."

Ndipo aliposhusha mkono. Baiskeli ikamwanguka, na yeye mwenyewe nikamdaka. Nilimvika koti langu, nikamwingiza chini ya paa, nikamsugua mikono. Nilijaribu kumchangamsha kwa utani. "Profesa mzima, paa hili hapa hatua chache, wewe unasimama mvuani?" Meno yake yalikuwa yanagongana, hakunijibu. Nilifikiri baridi imempanda kichwani, hata paa hakuliona.

Tulitembea, mimi nikisukuma baiskeli zote mbili, hadi kwenye pango la mvinyo. Luc alipomwona Profesa, mkate ulimtoka mkononi. Mambo yalikuwa rahisi kama yalivyo mambo yote mabaya: Luc alikuwa amemwacha kwenye kona kabla mvua haijachanganya, na Clarisse alipopiga simu kwamba anawazoa wa nyuma, Luc akadhani yule naye atazolewa. Clarisse akadhani wote waliovuka kizuizi wako na Luc. Kila mmoja alimweka Profesa kwa mwenzake. Kama nisingepita, pengine angekumbukwa wakati wa chakula cha jioni.

Clarisse alifika baadaye kutoka kwa daktari, Bwana Naidoo akiwa salama. Alimkuta Profesa amefunikwa mablanketi karibu na moto. Aliuliza habari, akaambiwa. Alipiga magoti, akaanza kumvua Profesa soksi zilizolowa.

Asubuhi nilikikunja kizibao cha njano nikakiweka mezani mbele yake, kwa sababu amri ni amri, na mimi nilikuwa nimeivunja nikijua.

"Vaa, Papa," alisema.

"Ulisema nisirudi."

"Nilisema. Na Bwana Naidoo akiwa vile tena, nitaendesha gari vile vile. Angekufa mikononi mwangu." Akafuta macho. "Lakini Profesa angekufa pia, na mimi ningekuwa nimetia saini. Vaa. Leo njia yote ni ya gari, Luc ataongoza akiwa garini. Miye nitakaa nyuma na wewe, unifundishe."

Akakaa nyuma siku hiyo, binti yule, na akateseka, kwa sababu hakujua kwenda polepole. Tuliporudi Durban alimweleza Mkurugenzi mambo yote yeye mwenyewe, bila kujificha, na ikawa sheria ya kampuni: siku haijaisha mpaka mfagiaji aseme kwa mdomo wake kwamba kona zimefungwa. Siku hizi Clarisse ndiye Mkurugenzi, na sheria ipo hadi leo. Ninyi mnaofanya kazi kwake mkiona ni usumbufu, sasa mnajua ilikotoka.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Nina afya, nina jina, watoto wamesoma, na siku za jua nakwenda kando ya bahari kuwasahihisha watu wanaoendesha baiskeli viti vikiwa chini mno. Wengine hunishukuru. Nikitazama nyuma, naona nilipata kazi iliyonifaa kuliko kazi nyingine yoyote, na sikuifanya vibaya. Nilitembea katika nchi ya watu polepole, nikala mkate wao, nikawajua wafalme wao na ndoo zao, na kila mtu niliyekabidhiwa alifika.

Na nikiri, hadithi ile ya msituni nimeisimulia sana. Nimeisimulia kanisani, saluni kwa mke wangu, kwenye harusi, kwenye msiba hata. Siku nilipomwokoa Profesa. Watu wa Albert Park wanaijua mpaka wanaimalizia wao.

Mwaka huu nilisikia Profesa Wambui amefanyiwa upasuaji wa nyonga, nikaenda Westville kumjulia hali. Nilimkuta amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, na binti yake amekuja kutoka Nairobi kumwuguza. Tukapewa chai nzito ya maziwa. Yule binti, aliposikia jina langu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ni wewe Mzee Bahati! Ni wewe uliokoa mum kwa ile mvua!"

Nikajikohoza tayari kuanza. Profesa akaweka kikombe chini.

"Nani alikuambia niliokolewa?" alimwuliza bintiye. Kisha akanigeukia. "Mzee, miaka hii yote unanitania na hilo paa. Ulidhani sikuliona?"

"Ulikuwa na baridi, Profesa."

"Nilikuwa na baridi, lakini macho nilikuwa nayo. Hata kulikuwa na nyumba, upande ule mwingine. Mzee fulani alitoka akaniita, akanionyesha moto wake. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa hujapita." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza alivyonunua mboga. "Mlikuwa watu wengi nyuma yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika. Radi inapiga, msitu ni mkubwa. Nikajua tu mmepotea. Nikasema, nikiingia ndani hata dakika moja, huyu mzee atatoka kule juu, asione mtu, achukue njia ya kulia, na aende na wale wagonjwa wake usiku kucha. Chini ya lile paa ungeniona?"

Nilifikiri. Kutoka juu ya mlima, kwa mvua ile, nisingemwona.

"Basi. Nilisimama pale nikikuombea. Ulipotokea juu, peke yako, bila wale wengine, nikashtuka. Ndiyo maana nikakuuliza kama kuna mtu nyuma. Uliponiambia wote wako salama, nikajua nimemaliza kazi."

Nilikuwa nimelala miaka yote hiyo nikijua kwamba siku ile mimi ndiye niliyekwenda kumtafuta mtu. Chai ilinipalia. Yule binti akanipiga mgongoni, akanipa maji, na Profesa akawa ananitazama kwa subira, asiniharakishe. Nilipoweza kusema, niliinuka kwenye kiti, magoti yangu mabovu yakilia, nikavua kofia.

"Asante, Profesa," nilimwambia, "kwa kunisubiri."